Mkono wa Muuguzi na Saratani ya Matiti

Mintarafu ya saratani ya matiti, maradhi ambayo mwaka 2022 yaliwafisha wanawake wapatao 670,000 ulimwenguni, aghalabu husifiwa mashine na matabibu mashuhuri, ilhali mtu wa kwanza ambaye mwanamke wa Afrika ya Mashariki humfunulia kifua chake kwa faragha, katika zahanati au kliniki ya mama na mtoto, ni muuguzi.

Kwa insafu, wauguzi hawakosi ilimu ya maradhi haya. Wengi watakutajia dalili zake bila ya kusita: uvimbe mgumu ambao aghalabu hauumi, ngozi iliyotutuka mfano wa ganda la chungwa, chuchu iliyozama ndani au itokayo damu. Upungufu umo katika amali, kwani uchunguzi uliofanywa katika nchi kadha wa kadha umewakuta wauguzi wengi ambao wao wenyewe hawajichunguzi, wala hawajapata kumpapasa mgonjwa titi na kwapa kwa utaratibu. Na asiyezoea kupapasa ni mwepesi wa kumwambia mama, “Hayo ni maziwa tu,” akamrudisha nyumbani.

Wako wadhanio kuwa yatosha kuwafundisha wanawake kujichunguza. Huko Shanghai, wafanyakazi wa viwanda vya nguo zaidi ya 266,000 walitiwa katika utafiti, nusu yao wakafundishwa jambo hilo kwa bidii, na vifo havikupungua. Mumbai nako, wahudumu wa afya waliofunzwa, wala si madaktari, waliwapima wanawake kwa mikono kila baada ya miaka miwili, mara nne. Saratani ikagunduliwa mapema zaidi, na kwa waliotimia miaka 50 vifo vikapungua karibu kwa asilimia 30. Nadhani habari hiyo ya Mumbai yatuhusu sana sisi, ambao mashine za mamogramu ziko mbali na wengi wetu, na ambao wagonjwa wetu wengi, ingawa hawajafikia umri huo ambao vifo vilipungua, matiti yao yangali mazito kiasi cha kuifanya picha isione vyema.

Shirika la Afya Duniani lataka mwanamke apate jawabu la yakini katika muda wa siku 60 tangu aliposhtakia uvimbe mara ya kwanza. Basi vyuo vya uuguzi visimpe mwanafunzi shahada yake mpaka mkono wake, si kalamu yake tu, utahiniwe katika kazi hii.