Kiti cha Bodi na Mabasi ya Shemeji



Usiku mmoja mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, tulipigiwa simu na binti wa marehemu ndugu yetu, ambaye yeye na mumewe wanaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota huko Marekani. Kwetu ulikuwa usiku na kwake asubuhi ilikuwa haijaisha. Baada ya kujuliana hali akasema: "Ami, shule wanayosoma wanangu yatafuta mzazi wa kuingia katika bodi. Kina mama wenzangu wameniteua niwanie. Nikubali?"

Jibu letu la kwanza lilikuwa jepesi, na twaona haya kulisimulia. Tulimwambia: kubali mwanangu, hiyo ni heshima. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini mabasi yanayowachukua watoto ni ya shemeji yangu, ndugu wa mume wangu." Hapo tukatambua kuwa tumejibu kabla ya kuuliza. Tukamwomba atupe muda, nasi tukaanza kusoma na kudadisi. Tuliyoyapata twaona yafaa kuwafikia wasomaji wetu, hasa kina mama, maana ni nadra siku hizi kukuta nyumba ya pwani isiyo na binti au mjukuu ng'ambo, na wengi wao watoto wao wamo katika shule za namna hii.

Shule yenyewe ni ya aina ambayo huku kwetu hatunayo. Tuiite shule ya mkataba. Si shule ya kibinafsi, wala mzazi halipi karo. Fedha zake ni za umma, na serikali ya jimbo huilipa kwa kadiri ya wanafunzi walioandikishwa. Watoto hupokewa bila ya kubaguliwa, na wanaoomba wakizidi nafasi hupigiwa kura ya bahati. Hata hivyo, haiendeshwi na wilaya ya elimu kama zilivyo shule nyingine za umma za kule. Huendeshwa na shirika dogo lisilotafuta faida, nalo shirika lina bodi yake. Bodi hiyo hufunga mkataba na taasisi iliyopewa idhini ya kuisimamia, ambayo yaweza kuwa chuo kikuu, wilaya ya elimu au shirika la hisani. Katika Minnesota mkataba hauzidi miaka 5 kabla ya kupitiwa upya. Shule hupewa uhuru mwingi katika namna ya kufundisha na kupanga mambo yake, na badala yake hudaiwa matokeo. Watoto wasiposoma, au hesabu za fedha zisiposimama, mkataba haufanywi upya na milango hufungwa. Wazazi hujikuta wakizunguka na vyeti vya watoto wakitafuta shule nyingine.

Minnesota ndilo jimbo la kwanza kupitisha sheria hiyo, mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. Leo majimbo zaidi ya 40 yana sheria kama hiyo, na shule zenyewe zimepita 7,000. Minnesota ndiko pia walikohamia maelfu ya ndugu zetu Wasomali, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za Dadaab, na wengine wakiwa wamelelewa Eastleigh na hapa Mombasa. Ndiyo maana si ajabu kukisikia Kiswahili katika ukumbi wa shule iliyozungukwa na theluji.

Basi ni nani wanaokalia viti vya bodi hizo? Sheria ya Minnesota yataka wajumbe wasiopungua watano wasiokuwa jamaa wao kwa wao. Miongoni mwao awemo angalau mwalimu mmoja mwenye leseni anayefundisha katika shule hiyo, mzazi mmoja wa mwanafunzi ambaye hakuajiriwa hapo, na mtu mmoja wa jamii ambaye hana kazi wala mtoto ndani ya shule. Huchaguliwa na wafanyakazi wa shule, wazazi na wajumbe wenyewe. Kwa kawaida hawalipwi mshahara, na hutakiwa wapate mafunzo juu ya wajibu wa bodi, mambo ya ajira na usimamizi wa fedha. Hapo zamani sheria iliwataka walimu wawe ndio wengi katika bodi, na sharti hilo likaondolewa mwaka 2009.

Binti yetu alitusimulia walio katika bodi ya shule ya wanawe. Wako saba. Yumo mwalimu wa darasa la tatu ambaye huja na madaftari ya kusahihisha. Yumo mama mmoja afanyaye kazi ya usiku hospitalini, ambaye kikao kikimalizika hupita moja kwa moja kazini. Na yumo mzee mmoja Mmarekani, mhasibu mstaafu, asiye na mtoto wala mjukuu shuleni hapo, ambaye kila mwezi huuliza maswali yanayowachosha wenziwe: kwa nini malipo ya umeme yamepanda, hundi hii ilitiwa saini na nani, fedha za chakula ziko katika akaunti ipi. "Watu humchoka, Ami," alisema akicheka. Sisi hatukucheka. Katika madrasa na misikiti tuliyoitumikia, tumeona mara nyingi hasara ya kumkosa mzee kama huyo.

Maana kazi ya bodi si kukata utepe siku ya sherehe. Huku kwetu bodi ya usimamizi wa shule ya umma ina mamlaka yenye mipaka, na mwalimu wa serikali huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Kule bodi ndiyo mwajiri. Yenyewe humwajiri mkuu wa shule na kumpima, na ikibidi humwachisha kazi. Yenyewe hupitisha bajeti, huweka saini katika kandarasi za chakula, usafiri na usafi, na hukubali kodi ya jengo. Hilo la jengo ni zito peke yake. Katika Minnesota shule ya mkataba hairuhusiwi kununua ardhi wala jengo kwa fedha za jimbo, bali hupanga, na jimbo huisaidia katika kodi. Basi palipo na kodi pana mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana jamaa zake na marafiki zake. Mjumbe anayeinua mkono kukubali kodi bila ya kuusoma mkataba ameinua mkono juu ya mishahara ya walimu, kwani mfuko ni mmoja.

Jambo jingine lililotupendeza ni kwamba mjumbe mmoja, akiwa peke yake, hana mamlaka yoyote. Mamlaka ni ya bodi ikiwa imekaa kikao na akidi imetimia. Mjumbe hawezi kuingia darasani akamwamrisha mwalimu, wala hawezi kuagiza mtoto wake ahamishwe mkondo. Shughuli za kila siku ni za mkuu wa shule. Twajua jinsi hili litakavyokuwa gumu kwa mama wa kwetu. Harusini atavutwa pembeni: fulani amemwonea mwanangu, wewe si uko bodini? Naye itambidi ajibu, mbele ya sahani ya biriani, kuwa njia ya malalamiko ni kwa mwalimu, kisha kwa mkuu, kisha kwa bodi ikiwa imekaa. Wako watakaomwita mwenye kiburi.

Sasa turejee kwenye mabasi. Sheria yasema kuwa mtu haruhusiwi kuwa mjumbe ikiwa yeye au jamaa yake wa karibu ni mmiliki wa kampuni yenye kandarasi na shule, iwe ya huduma, bidhaa au jengo. Na jamaa wa karibu ni nani? Tulitarajia tukute mume, mke na watoto tu, kama tulivyozoea kuwasikia watu wa Magharibi wakihesabu. Tukakuta kuwa ni ujamaa wa damu, ndoa au kulea, hadi kufikia watoto wa ami na wa mjomba. Kwa mara hii moja sheria ya Marekani imehesabu ujamaa kama tuuhesabuvyo sisi! Shemeji yumo ndani, hana pa kupitia.

Binti yetu hakuridhika upesi, na hoja zake hazikuwa dhaifu. Alisema mabasi ya shemeji ni mazima, na bei yake si ya juu. Dereva huwajua watoto kwa majina, na mama akichelewa kutoka kazini husubiri mlangoni wala hamwachi mtoto peke yake barabarani katika baridi ile. Wasichana wenye hijabu hawatukanwi ndani yake. "Sasa Ami, ubaya uko wapi? Nikiingia bodini nitamdhulumu nani?"

Tulimjibu kwa mfano wa nyumbani. Hapa pwani tunazo nyumba za wakfu tangu enzi za mababu, na kila wakfu una msimamizi wake. Mafakihi wengi wamemzuia msimamizi asijikodishie mwenyewe nyumba ya wakfu, hata kwa kodi ya haki. Hawakumtuhumu wizi. Walitazama siku ambayo paa litavuja au kodi itachelewa, wakauliza: siku hiyo nani atamdai nani? Na mabasi ni hivyo hivyo. Leo ni mazima. Siku yatakapochelewa wiki nzima, au breki zitakapolia, mzazi mwenye hasira atakuja kikaoni, na atakayeketi mbele yake ni wewe, mke wa nduguye mwenye basi. Ukimtetea shemeji, umewaacha watoto. Ukimkemea, umewasha moto nyumbani kwako. Na ukinyamaza, kiti kile hakina mtu.

Akatuuliza pia jambo ambalo twaamini wazazi wengi wangeliuliza: je, Waislamu wakiwa wengi bodini, hawawezi kuifanya shule iwe na mafunzo ya dini? Jibu ni hapana, na ni bora lisemwe wazi. Shule ya mkataba ni shule ya umma. Mwanafunzi yuko huru kusali kwa hiari yake, na Kiarabu chaweza kufundishwa kama lugha, lakini shule haisomeshi watu dini wala mwalimu hasalishi. Minnesota yenyewe ilikuwapo shule ya mkataba iliyoitwa Tarek ibn Ziyad Academy, iliyofunguliwa mwaka 2003 na kusomesha watoto wengi wa Kiislamu. Mwaka 2009 shirika moja la kutetea haki za raia liliishtaki kwa madai kuwa yatumia fedha za umma kuendeleza dini, na shule ikayakanusha. Kesi ikiwa bado yaendelea, sheria ikabadilika, na mwidhinishaji wake, ambaye makao yake yalikuwa nje ya jimbo, hakuruhusiwa tena kuisimamia. Mwaka 2011 shule ikafungwa.

Wala jambo hili si la Waislamu peke yao. Katika jimbo la Oklahoma, mwaka 2023, iliidhinishwa shule ya mkataba ya Kikatoliki ya kusomesha kwa mtandao. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaikataa mwaka 2024. Suala likafika katika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi wa Mei 2025 majaji wakagawanyika 4 kwa 4, na hukumu ya jimbo ikabaki.

Huku kwetu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yampa mfadhili wa shule, na mara nyingi ni taasisi ya dini, viti vitatu katika bodi na nafasi ya kushauri mambo ya kiroho. Aliyezoea haya akihamia kule na fikra zile zile, aweza kuivunja shule akidhani anaijenga. Watoto wa binti yetu husoma Qur'ani Jumamosi na Jumapili msikitini, kwa gharama ya wazazi wenyewe, na yeye aona mpango huo wamtosha.

Juma lililopita alitupigia tena. Alikuwa amezungumza na mumewe, kisha na shemeji. Shemeji hakukasirika, bali aliuliza: "Nina madereva watatu wenye watoto. Niwaambie nini?" Binti yetu hakuwa na la kumjibu. Akawaendea kina mama waliomteua, akawaeleza kuwa hatawania madhali kandarasi ile ipo. Baadhi yao walimlaumu, na mmoja akamwambia kuwa ameogopa karatasi za Wazungu. Jina lililopelekwa badala yake ni la mama mmoja mshonaji, asiyejua Kiingereza sana, lakini ambaye, kwa maneno ya binti yetu, hawezi kutiwa saini mahali asipopasoma.

Naye mwenyewe hakuiacha kazi. Vikao vya bodi hizo, kwa sheria, ni vya wazi, na mtu yeyote aweza kuingia na kusikiliza, ila mambo machache kama kumpima mfanyakazi ambayo bodi huyazungumza faraghani. Amekwisha kuhudhuria kimoja. Aliketi nyuma na nakala ya bajeti, akimfasiria mshonaji kwa sauti ya chini, na yule mhasibu mzee akageuka akawaongezea karatasi nyingine mbili.

Kikao kijacho kitajadili iwapo kandarasi ya mabasi itangazwe upya ili wengine nao walete bei zao. Kitaanza saa kumi na mbili jioni kwao, ambayo kwetu ni saa tisa ya usiku. Ameahidi kutupigia baada ya Alfajiri.