Ukungu, Kuvu na Mzio: Istilahi Tatu za Maradhi ya Mapafu

Mkazi wa Mtendeni, mjini Tabora, mwenye kuugua pumu, akiambiwa na tabibu "epuka ukungu", yamkini atajifunika shuka alfajiri, na usiku arejee kulala katika chumba kile kile ambacho ukuta wake umeota madoa ya kijani na meusi tangu mvua za Novemba. Kosa si lake. Ukungu ni mvuke uzibao macho asubuhi. Tena ni uchafu uotao juu ya mkate, ngozi au ukuta wenye unyevu. Wazee walikuwa pia na kawa na koga. Kwa matumizi ya kitaalamu hapana budi kushika neno kuvu, na ukungu tuuachie anga.

Kuvu hutawanya hewani chembe ndogo mno ziitwazo spora. Wengi wetu huzivuta bila kudhurika. Lakini kuna jamii ya kuvu iitwayo aspergilasi ambayo, kwa baadhi ya wenye pumu, huufanya mwili upigane kupita kiasi: njia za hewa huvimba na kujaa makohozi mazito, pengine ya rangi ya kahawia. Maradhi hayo yalielezwa na matabibu wa Uingereza mwaka 1952. Picha ya eksirei yaweza kufanana na ya kifua kikuu, na mgonjwa akameza kwa miezi dawa zisizomfaa.

Hali hiyo ya mwili ilipewa jina huko Vienna mwaka 1906 na Clemens von Pirquet. Sisi tunaiita mzio. Wapo wanaolilaumu neno hili, kwa kuwa asili yake ni chakula ambacho mtu amekatazwa kukila. Mgonjwa aweza kuuliza amevunja mwiko gani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye nguvu yake: chakula cha mzio huliwa na jirani bila neno, kikamdhuru mmoja. Ndivyo zilivyo spora.

Pumu nayo ina mtego, maana zamani ilikuwa pia jina la pafu lenyewe. Kwa hiyo napendekeza "mzio wa mapafu utokanao na kuvu". Ni istilahi ndefu, nakiri. Lakini aisikiaye atatazama paa livujalo na gunia la karanga mbichi lililoegemezwa ukutani, wala hatajifunika shuka.