Ekrani si ghala: kilo zenu zinalala wapi?

Wandugu wachimbaji, kwenye depo zingine siku hizi karani haandiki tena mu kaye: anaingiza kilo na tenere kwenye ekrani ya ordinatere. Tunawaomba mujue jambo moja: ekrani si ghala.

Ekrani ni dirisha tu. Nyuma yake kuko programu ya kati, inayopokea kile karani ameandika. Nyuma zaidi kuko hifadhidata, ndiyo ghala yenyewe ya habari. Karani akifinya buto, programu inaangalia kama kilo na namba ya karte viko, kisha inapeleka vyote ghalani. Ghala ikipokea, inarudisha namba ya rekodi. Rezo ikikatika katikati, kilo 50 zenu zinaweza kubakia kwenye ekrani, na ghalani hakuna kitu.

Basi mufanye nini? Mbele ya kuacha mufuko, muombe namba ya rekodi. Kisha karani afunge ukurasa, atafute tena kwa namba ile. Hapo kile munachoona kimetoka ghalani.

Muangalie pia namba ya karte. Kode ya mine ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inadai mchimbaji wa mukono awe na karte. Ba Ilunga tuko nao wengi. Jina peke yake linaweza kumupatia mwingine franga zenu.

Ba mama munaoshika hesabu ya nyumba, muandike namba zote mbili mu kaye. Siku ya malipo, muanzie pale.