Safari ya Ng'ambo Pamoja na Mtoto Mchanga: Maelezo kwa Wapenzi wa Magari

Wananchi wengi wa Visiwa vyetu wana jamaa zao Ulaya, na hutokea baba na mama vijana wakafunga safari kwenda kuwatembelea, nao wana mtoto wa miezi michache mikononi. Si ajabu pia mmoja wao akawa mpenzi wa magari, ambaye tangu udogo ametamani kuyaona kwa macho yake magari ya mwanzo. Makala haya yanaeleza namna ya kuipanga safari ya aina hiyo, kwa mfano wa Ujerumani, nchi lilikoanzia gari la petroli. Msingi wa maelezo yote ni mmoja: ratiba ipimwe kwa uwezo wa msafiri aliye mdogo kuliko wote.

Safari ya Mwaka 1888

Carl Benz aliandikisha hataza ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, katika mji wa Mannheim, lakini wanunuzi hawakujitokeza. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilitoa gari bila ya kumwarifu mumewe, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, wakaelekea Pforzheim kwa mama yake, masafa ya kilomita 100 na ushei. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa la Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Na breki zilipolika, fundi viatu alizivisha ngozi.

Hivyo basi, safari ya kwanza ya masafa marefu kwa gari la petroli ilikuwa ni ya mama na watoto kwenda kumwona bibi yao. Lakini watoto wale walikuwa wakubwa, na penye mlima waliweza kusukuma. Mtoto mchanga hawezi kusukuma, wala hawezi kusema kuwa amechoka. Kwa sababu hiyo, mambo yanayomhusu hapana budi yatengenezwe kabla ya kuondoka nyumbani.

Hati za Safari

Inafaa ieleweke kwamba mtoto mchanga ni msafiri kamili mbele ya sheria. Mambo yafuatayo yazingatiwe:

(a) Mtoto awe na pasipoti yake mwenyewe, nayo haipatikani bila ya cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo kuandikisha kizazi ndiyo hatua ya kwanza ya safari.

(b) Awe na viza yake mwenyewe ya nchi za Schengen. Aliye chini ya miaka 6 hatozwi ada ya viza, na aliye chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15.

(c) Kila msafiri, mtoto akiwemo, awe na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000.

(d) Ikiwa mtoto anasafiri na mzazi mmoja, yule anayebaki atoe idhini yake kwa maandishi.

Ubalozi wa Ujerumani uko Dar es Salaam. Kwa hiyo mkaazi wa Visiwani aweke katika hesabu zake nauli ya boti na siku za kwenda na kurudi. Mtumishi wa Serikali naye apate kwanza kibali cha likizo kwa maandishi. Tiketi isiyorejeshewa fedha isilipiwe kabla ya viza kupatikana.

Afya ya Mtoto

Mtoto apelekwe kliniki wiki kadhaa kabla ya safari ili chanjo zake ziangaliwe, na kadi yake ya kliniki ichukuliwe. Katika ndege, aliye chini ya miaka 2 huweza kupakatwa. Kitanda kidogo cha mtoto kiombwe wakati wa kukata tiketi, kwani idadi yake ni chache. Ndege inapopaa na inapoteremka mtoto anyonyeshwe, kwani kumeza humpunguzia maumivu ya masikio. Maziwa na chakula chake cha njiani huruhusiwa hata vikizidi kipimo cha mililita 100, ila maofisa wa usalama huweza kuvikagua.

Mtoto akishikwa na homa akiwa Ulaya, mzazi asingoje kesho. Amwambie daktari waziwazi kwamba wametoka nchi yenye malaria, na aombe damu ipimwe siku hiyo hiyo. Daktari wa huko huenda asiifikirie malaria upesi. Namba ya simu ya dharura ni 112. Aidha, maduka mengi ya Ujerumani hufungwa Jumapili, kwa hiyo nepi na maziwa vinunuliwe Jumamosi.

Kiti cha Usalama Garini

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Huku kwetu mtoto aghalabu hupakatwa na mama yake garini. Gari likigonga hata kwa mwendo wa kawaida, hakuna mikono iwezayo kumzuia mtoto huyo. Sheria ya Ujerumani inamtaka kila mtoto aliye chini ya miaka 12, na ambaye kimo chake hakijafika sentimita 150, akae katika kiti cha usalama kinachomfaa, chenye alama ya kuidhinishwa ya R44 au R129. Kiti cha mtoto mchanga hutazama nyuma ya gari. Ni marufuku kukiweka kiti hicho mbele ambako mfuko wa hewa wa usalama haujazimwa. Koti zito livuliwe kabla ya kufunga mikanda, kwani huifanya ilegee. Mtoto afunikwe blanketi juu yake.

Anayekodi gari aagize kiti pamoja na gari, akikague kabla ya kuondoka, na asikubali kuambiwa kuwa safari ni fupi. Leseni ya nyumbani ifuatane na kibali cha kimataifa cha kuendesha au tafsiri ya Kijerumani. Akumbuke kuwa huko magari hupita kulia. Katika sehemu za barabara kuu zisizo na kikomo cha mwendo, kasi inayoshauriwa ni kilomita 130 kwa saa. Kila baada ya saa mbili, au kabla yake, gari lisimame na mtoto atolewe kitini anyooke.

Vituo vya Magari

Ratiba nyepesi yaweza kuanzia Mannheim, ikapitia Sinsheim na kumalizikia Stuttgart, masafa ya takriban kilomita 130. Makumbusho ya Sinsheim yana ndege za Concorde na Tupolev Tu-144 juu ya mapaa yake. Mjini Stuttgart yako makumbusho ya Mercedes-Benz, yaliyofunguliwa 2006, na ya Porsche, yaliyofunguliwa 2009. Yote mawili hufungwa Jumatatu. Katika yale ya Mercedes-Benz mgeni hupandishwa kwa lifti hadi juu, kisha huteremka taratibu kwa njia ya mzunguko, jambo linalomfaa mwenye kigari cha mtoto. Kituo kimoja kwa siku kinatosha, na wakati mwema ni asubuhi, mtoto akiwa ameshiba na kulala.

Ama barabara ya mashindano ya Nürburgring, iliyofunguliwa 1927, ambayo sehemu yake ya kaskazini yenye kilomita 20.8 hufunguliwa kwa madereva wa kawaida siku maalum, isiwemo katika safari hii. Mikataba mingi ya magari ya kukodi inaikataza, na hapo si mahali pa mtoto mchanga.

Baba aliyekosa kuona gari moja ataliona mwaka mwingine. Wahenga wamesema kutangulia si kufika. Na familia huhesabiwa imefika pale wote waliotoka nyumbani wanaporejea salama. Wananchi wanaombwa kuzingatia: tahadhari kabla ya hatari.