Mgongo Uliokakamaa: Fedha Iende Duka la Dawa au Kwenye Maji?

Kwingi duniani, daktari huusoma ugonjwa wa mifupa unaoletwa na floraidi vitabuni tu. Oldonyo Sambu, kama vijiji vingine vinavyouzunguka Mlima Meru, dalili zake zinafahamika: meno ya kahawia tangu utotoni, na kwa wengine, baada ya miaka mingi, mgongo mgumu kiasi kwamba mtu akiitwa hugeuka mwili mzima. Floraidi ni madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya maji hapa vinakipita. Mwenye shilingi chache azipeleke wapi?

Vipimo. Anzia hapa. TB ya uti wa mgongo nayo huleta maumivu ya mgongo, lakini hiyo inatibika, na dawa zake hutolewa bure hospitali za serikali.

Dawa za maumivu. Diklofenaki ni rahisi kununua, ila haitoi floraidi mwilini. Ikimezwa kwa muda mrefu inaweza kudhuru figo, na figo ndizo zinazotoa floraidi kwenye mkojo. Unalipa mara mbili.

Kalsiamu na vitamini D. Humsaidia mtoto mwenye upungufu. Mgongo wa mzee uliokwisha kukakamaa haziulegezi.

Upasuaji. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Ni wa aliyebanwa uti wa mgongo: miguu ikiishiwa nguvu au mkojo ukishindwa kuzuilika, usisubiri, nenda hospitali.

Maji. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, floraidi inabaki. Klorini huua vijidudu tu. Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, linalofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, linanasa floraidi, ila mkaa huchoka. Kabla ya kununua uliza unabadilishwa lini na nani atapima maji. Maji ya mvua hayajapita kwenye miamba hiyo, na hayana gharama ya kila siku. Familia inayotumia ndoo moja ya lita 20 kwa kunywa na kupika inahitaji lita 3,000 kwa siku 150 za kiangazi, yaani simtanki moja. Ya kufulia yaendelee kutoka bombani.

Magadi ya kulainishia makande pia yana floraidi. Kuyaacha hakugharimu kitu.

Kwangu mimi, baada ya vipimo, simtanki inatangulia, hasa penye watoto: mifupa yao bado inakua.