Vyote Ving'aavyo si Chakula: Usalama wa Mapambo ya Keki Nyumbani

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, keki imekuwa sehemu ya ubatizo, kipaimara, mahafali, harusi na siku ya kuzaliwa. Nyingi huokwa na kupambwa majumbani, na mpambaji huwa mama, shangazi au jirani anayepokea oda kwa simu. Ni kazi ya halali inayolisha familia na kuzifurahisha nyingine. Hata hivyo, anayewahi kuonja pambo la keki aghalabu ni mtoto mdogo. Kwa hiyo kila kinachopakwa juu yake hakina budi kuchunguzwa.

Hatari isiyofahamika sana ni ile ya unga wa kumetameta wenye rangi ya dhahabu, fedha au waridi. Mwezi Oktoba 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watoto sita wenye umri wa kati ya mwaka 1 na miaka 11 walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa. Dalili zilianza kati ya nusu saa na saa 10 baada ya kula. Ilibainika kwamba unga uliotumika kuipamba ulikuwa na shaba nyingi. Mwaka 2019, katika jimbo la Missouri, mtoto wa mwaka 1 alikutwa na mikrogramu 12 za madini ya risasi katika kila desilita ya damu. Unga uliopambia keki yake ulikuwa na risasi kiasi cha robo ya uzito wake.

Tukio la pili linatisha zaidi, kwa kuwa risasi huweza kuingia mwilini bila kishindo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza risasi waliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima. Madhara yake huangukia ubongo unaokua.

Kinga huanza dukani. Maneno "haina sumu" au "kwa mapambo tu" hayamaanishi kwamba bidhaa inalika. Pambo la kuliwa huandikwa waziwazi kuwa ni la kuliwa, na kopo lake huonyesha orodha ya viambato. Unga uliopimwa na kufungwa upya katika vifuko visivyo na maelezo haufai kuwekwa juu ya keki.

Hatari nyingine hutoka jikoni. Ute mbichi wa yai, unaopigwa pamoja na sukari ili kupata pambo jeupe na gumu, unaweza kubeba salmonela. Ute uliopasteurishwa au unga wa ute ulio salama hupunguza hatari hiyo. Mpambaji mwenye jipu au kidonda kibichi mkononi anaweza kuingiza stafilokokasi katika krimu; sumu ya bakteria huyo haiharibiwi hata kwa kupashwa moto. Krimu ya maziwa ihifadhiwe kwenye jokofu, chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na isiachwe mezani kwa saa nyingi ikisubiri hotuba zimalizike.

Kwa mhudumu wa afya, saa ya kuanza kwa dalili haitoshi kutofautisha visababishi. Sumu ya stafilokokasi na shaba zote mbili zinaweza kuleta matapishi ndani ya saa chache, ilhali salmonela kwa kawaida huchukua saa 6 hadi siku 6. Watoto kadhaa wa sherehe moja wanapofika wakitapika, inafaa kuuliza juu ya keki, rangi yake na unga uliotumika, na kuiomba familia itunze mabaki pamoja na kopo.

Sukari nayo ina hesabu yake. Krimu ya gramu 250 za siagi na gramu 500 za sukari ya unga, ikigawanywa katika vipande 20, huacha gramu 25 za sukari katika kila kipande, mbali na iliyomo ndani ya keki. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 kwa mtu mzima. Mgonjwa wa kisukari hana sababu ya kutengwa na meza: apewe kipande chembamba, aondoe krimu, apunguze wali au ugali katika mlo huo, na asiache dawa zake.

Keki iliyopambwa kwa krimu nyeupe iliyosawazishwa vizuri na vipande vya matunda yaliyooshwa haitang'aa kama dhahabu. Lakini watoto watakula, watacheza, na kesho yake wataamka salama.