Masaa mawili hayamtoshi mtu wa Likasi

Kwenye kundi letu la WhatsApp bado wapo wanaoninunia. Kamati ya safari ilikuwa imepanga masaa mawili katika jumba la makumbusho ya ndege, kisha twende kuchoma nyama bustanini, na mimi na wanangu tukachelewesha basi. Shemeji mmoja akaandika kwamba kuna watu wanashangaa ndege kama wameletwa mjini jana. Haya shemeji, kaa chini usome.

Jumba lenyewe ni Steven F. Udvar-Hazy Center, lipo Chantilly, Virginia, ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Dulles. Lilifunguliwa Desemba 2003, maana lile jumba kuu la makumbusho la katikati ya Washington halina nafasi ya kuingiza madege makubwa. Unaingia, na SR-71 nyeusi inakutazama kwa pua. Ndiyo iliyoruka Los Angeles hadi Washington kwa dakika 64 mwaka 1990. Nyuma yake kuna Discovery, chombo kilichokuwa kikienda anga za juu. Kuna Concorde ya Air France. Kuna mnara wa kupanda kuangalia ndege zikitua Dulles. Mtu aliyekuja kupiga picha masaa mawili au matatu yanamtosha, sibishi.

Kuingia ni bure. Kuegesha gari ndiko kuna bei: dola 15 nilipokwenda. Sasa niambieni, Chantilly hiyo nani ataifikia kwa miguu? Ukija baada ya saa kumi jioni hulipi, na jumba linafungwa saa kumi na moja na nusu, yaani wanakupa bure kile kipande kilichobaki. Ndivyo nchi hii ilivyo, muda wa mtu unapimwa kwa rula. Mwanangu alipoalikwa mara ya kwanza kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mwenzake wa darasani, kadi ilisema kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Nikadhani aliyechapa amekosea. Kumbe wapi! Ilipokaribia saa kumi, mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akigawa vifuko vya peremende, na ukishapewa kifuko ujue umeagwa. Keki nusu nzima ilibaki mezani. Nikiwasimulia wazee wangu wa mtaa wa Panda, Likasi, wanadhani nawatania.

Sasa kisa cha kukawia kwetu. Katika ukumbi mkubwa kuna ndege aina ya B-29, bati lake linang'aa kama sufuria mpya, imenyanyuliwa juu ya vigingi na chini yake zimepangwa ndege ndogo. Ukipanda daraja la pembeni unafika usawa wa pua yake, ambayo ni vioo vitupu, unaviona hadi viti vya marubani. Ubavuni, chini ya dirisha la rubani, kumeandikwa ENOLA GAY. Ndiyo iliyodondosha bomu Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945.

Na urani iliyokuwa ndani ya bomu lile, sehemu yake kubwa ilitoka kwetu Kongo. Mgodi wake, Shinkolobwe, uko kiasi cha kilomita 20 tu kutoka mji wa Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati huo. Madini yalitambuliwa pale mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikayachimba kwanza kwa ajili ya radiamu iliyosafishwa Ubelgiji. Mawe ya Shinkolobwe yaliweza kufika asilimia 65 ya urani, wakati mahali pengine hata asilimia moja ilikuwa bahati. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, akiogopa Wajerumani wasiyakamate, alisafirisha tani zipatazo 1,200 hadi New York, zikawekwa ghalani Staten Island ndani ya mapipa zaidi ya 2,000. Zikakaa miaka miwili bila mnunuzi. Septemba 1942 jeshi la Marekani likaja kubisha hodi kwa Sengier, na biashara ikaisha siku hiyo hiyo.

Kibao kilicho mbele ya ndege kinakueleza B-29 ni ndege ya namna gani, na upana wa mabawa yake. Nilikisoma mara mbili nikitafuta neno Kongo. Halimo. Nilitaka niwaeleze watoto waliochimba mawe yale ni akina nani, walilipwa nini, na kwa nini mashimo yalizibwa kwa zege wakati wa uhuru, lakini kijana wangu alishaniponyoka. Nilimkuta kwenye Discovery akiwauliza wazee wa kujitolea kama wanaanga wanajisaidia wapi. Mzee mmoja alimjibu kwa utaratibu kabisa, kwa mikono na vitendo, dakika nyingi kuliko alizonipa mimi nilipomuuliza habari za urani. Tangu siku hiyo kijana anataka kuwa fundi wa vyoo vya angani, na mama yake ananilaumu mimi.

Dada yake ndiye aliyebaki nami kwenye daraja. Aliuliza kama babu alichimba yale mawe. Nikamwambia babu alikuwa Shituru, hapo hapo Likasi, kwenye shaba. Akauliza kama mawe yale yanauma mkono. Nikaanza kumweleza mionzi, basi likapiga honi, akasema honi hiyo ni ya shemeji, nami nikamwambia aiache ilie.

Sasa anataka kuisimulia Shinkolobwe shuleni, ameshachora hata ramani yenye reli hadi bandari ya Lobito, Angola, na Likasi ameiandika kwa herufi kubwa kuliko Washington. Mwalimu amempa dakika tano. Nimemwandikia barua kuomba kumi, na bado hajanijibu.